UZI: Mlipuko wa Beirut 2020, tupime kila dhana kwa moshi, sauti, shimo na hesabu

Kipimio (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila ikikaribia tarehe 4 Agosti zile video za mlipuko wa bandari ya Beirut, Lebanon, huanza tena kuzunguka kwenye magrupu, na maelezo yanayoambatana nazo ni yaleyale: kombora la Israel, bomu dogo la nyuklia, ghala la silaha la Hezbollah, fataki. Watu zaidi ya 200 walikufa, maelfu walijeruhiwa, na watu kama 300,000 walikosa pa kulala. Jambo zito namna hiyo halifai kujadiliwa kwa ushabiki. Naomba humu tuongee kwa vitu vinavyopimika.

Tuanze na ratiba, maana wengi huiruka. Moto uliripotiwa kwenye bohari namba 12, ilimowekwa shehena ya amonia nitrati (kemikali ya mbolea na baruti za migodini), jirani na silo za nafaka, mnamo saa 11:55 jioni. Ukaendelea kuwaka. Ndani ya moshi zikaonekana cheche nyeupe zinazometameta na kusikika milio midogomidogo. Ukaja mlipuko wa kwanza, wa wastani, na nusu dakika hivi baadaye, saa 12:08 jioni, ukaja ule mkubwa. Yeyote mwenye dhana yake aeleze kwanza hizo dakika zaidi ya kumi za moto. Asipoweza, dhana hiyo inaanza kwa kuchechemea.

Sasa rangi. Wingu lililopanda baada ya mlipuko mkubwa lilikuwa la kahawia linaloelekea wekundu. Hiyo ni nitrojeni dayoksaidi. Amonia nitrati ikilipuka kikamilifu hugeuka nitrojeni, mvuke wa maji na oksijeni, na vyote vitatu havina rangi. Isipolipuka kikamilifu, sehemu yake hutoka kama oksaidi za nitrojeni, ndiyo hiyo rangi ya kutu. Baruti za kijeshi zenye TNT ziko tofauti: zina upungufu wa oksijeni, kaboni inabaki haijaungua, moshi unatoka mweusi au wa kijivu kizito. Kwa hiyo hata bila maabara, rangi peke yake inatuambia kilicholipuka kwa wingi ni nitrati.

Lile kuba jeupe lililotanda kwa sekunde chache, ambalo wengi waliliita uyoga wa nyuklia, ni mvuke wa kawaida. Nyuma ya wimbi la mshtuko hewa hutanuka ghafla na kupoa. Beirut iko baharini na Agosti hewa imejaa unyevu, basi unyevu ule ukaganda kuwa matone kisha ukapotea. Mlipuko wowote mkubwa kwenye hewa yenye unyevu unaweza kufanya hivyo. Na kama ingekuwa nyuklia, mmweko wake ungeunguza picha za simu zote zilizokuwa zinarekodi, na watu wangeungua kwa mwanga kabla ya kupigwa na upepo. Chuo Kikuu cha Sheffield kilikadiria nguvu yake kuwa sawa na tani 500 za TNT, na kwa makadirio ya juu kabisa tani kama 1,100. Hiroshima ilikuwa kama tani 15,000.

---

Mwamba_Mgumu

Mleta uzi umeanza vizuri. Naongeza upande wa kombora, kwa sababu ndiyo dhana iliyotembea kuliko zote.

Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde. Chukua kombora linalokwenda mita 300 kwa sekunde: litasogea mita 10 kati ya picha moja na nyingine. Lile la kasi ya mita 800 kwa sekunde litasogea kama mita 27. Video iliyopigwa kwa mbali ikaonyesha upana wa mita 500 za anga ingelinasa kwenye picha zaidi ya kumi na tano mfululizo. Na bohari ile ilikuwa inarekodiwa kutoka pande nyingi, baharini, barabarani, kwenye roshani, kwa sababu moto ulishawavuta watu. Kitu kikionekana kwenye video moja tu na hakipo kwenye nyingine zote za wakati uleule, kimebandikwa. Na ndivyo ilivyokuwa kwa ile video iliyogeuzwa rangi kama picha ya joto: waliokagua waliipata ya asili, na ndani yake hakuna kombora.

Kuna waliosema walisikia ndege kabla ya mlipuko. Sidhani walidanganya. Mtikisiko hupita kwenye mwamba kwa kilomita kadhaa kwa sekunde, wakati sauti hewani ni kama mita 340 tu. Aliyekuwa kilomita 3 kutoka bandarini alitikiswa na ardhi ndani ya sekunde moja, kisha upepo wenyewe ukamfikia sekunde saba, nane au tisa baadaye. Katikati ya hapo kuna mngurumo. Ukichanganya na ule mlipuko wa kwanza, mtu anahesabu matukio matatu, na kichwa kinatafuta ndege.

Siasa nayo ilimwagia moto petroli. Siku ileile Rais wa Marekani, Trump, alisema majenerali wake wanaona ni shambulio la bomu la aina fulani. Kesho yake waziri wake wa ulinzi, Esper, akasema wengi wanaamini ni ajali. Tarehe 7 Rais wa Lebanon wa wakati huo, Michel Aoun, akasema huenda ni uzembe au mkono wa nje kwa kombora au bomu. Kauli hizo ndizo zinazonukuliwa hadi leo kama ushahidi, na hakuna hata moja iliyotokana na uchunguzi wa eneo.

---

Gati_Namba_Saba

Kuhusu ghala la silaha, wa Dar es Salaam hawahitaji kusoma mbali. Mbagala 2009 na Gongo la Mboto 2011 tuliona ghala la silaha linavyolipuka: mabomu yanapishana, moja baada ya jingine, kwa saa nyingi, na mengine yanaruka yanadondoka mitaani kilomita kadhaa. Kisha wanajeshi wanazunguka siku nyingi kuokota yasiyolipuka. Brazzaville 2012, hivyohivyo.

Beirut ilikuwa pigo moja. Hakukuwa na mvua ya makombora kwenye mitaa ya jirani ya Gemmayzeh wala Mar Mikhael. Mlipuko ulitoboa shimo la zaidi ya mita 120 kwa upana, bahari ikaingia, na kituo cha shimo ndipo ilipokuwa bohari 12. Hiyo ni alama ya mzigo wa aina moja uliorundikwa pamoja.

Fataki ni suala jingine. Zile cheche nyeupe ndani ya moshi zinafanana kabisa na fataki, na waliochora upya bohari ile kwa kutumia picha na nyaraka walionyesha kuwa humo humo kulikuwa na tani kama 23 za fataki pamoja na matairi. Kwa hiyo anayesema "ni fataki" na anayesema "ni nitrati" wote wanaweza kuwa sahihi. Fataki hazichimbi shimo la mita 120, ila zinawasha moto na kuupa joto.

---

Kipimio

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Watu wanauliza "chanzo ni nini" kama swali moja, kumbe ni matatu: nini kiliwasha moto, nini kiliufanya moto ugeuke mlipuko, na kwa nini mzigo ule ulikuwa pale. Kombora, fundi wa kuchomelea, fataki, yote hayo yanagombania swali la kwanza tu. Hata ukithibitisha mojawapo, maswali mawili yaliyobaki hayajaguswa.

---

Chombezo_K

Mkuu Kipimio, naomba ufafanuzi wa swali la pili. Amonia nitrati ni mbolea. Inasafirishwa kila siku duniani na haiwaki. Iweje ikae miaka sita salama kisha ilipuke jioni moja?

---

Mwamba_Mgumu

Nitajibu mimi, ni eneo langu la kazi.

Ni kweli nitrati safi haiwaki kama mbao. Yenyewe ni chakula cha moto: inatoa oksijeni. Ikipata joto inayeyuka kwenye nyuzi kama 170 za Selsiasi, na ikizidi 200 inaanza kuvunjika na kutoa gesi. Ikiwa wazi na hewa inapita, gesi zinatoka na mambo yanaweza kuisha kwa moshi mkali tu. Hatari inakuja kwa vitu viwili vikikutana: uchafu na kubanwa. Mafuta, vumbi la mbao, mpira, plastiki ya mifuko yenyewe iliyoyeyuka, kloridi, baadhi ya metali, vyote hivyo hushusha kiwango cha joto kinachohitajika au huipa kitu cha kuunguza. Na rundo kubwa linajibana lenyewe: sehemu ya chini iliyoyeyuka ina mzigo wa mamia ya tani juu yake, gesi haina pa kutokea, joto na shinikizo vinapanda pamoja.

Sasa miaka sita. Fuwele za nitrati hubadili muundo kwenye nyuzi 32. Kila joto likipanda juu ya hapo na kushuka, chembe zinatanuka na kusinyaa, zinapasuka, zinakuwa unga. Beirut majira ya joto bohari linavuka kiwango hicho mchana na kurudi usiku, siku baada ya siku. Unyevu wa bahari unaingia, kwa kuwa nitrati inafyonza maji, unga unaganda kama chumvi ya mawe. Mifuko inachanika. Mtaalamu aliyetumwa na mahakama kukagua mapema 2015 alikuta viroba 1,950 kati ya 2,750 vimechanika, na kipimo cha maabara kikaonyesha nitrojeni asilimia 34.7. Nitrati safi kabisa ni asilimia 35. Maana yake haikuwa mbolea iliyochanganywa na chokaa. Ilikuwa nitrati karibu tupu, imemwagika sakafuni, na vitu vingine vya kuwaka vimeletwa kuwekwa jirani.

Kwa hiyo haikuwa salama kwa miaka sita. Ilikuwa inaharibika kwa miaka sita, na siku hiyo ikapata moto.

---

Bi_Mwanahamisi

Naunga mkono. Na mfano wa zamani unaotisha ni Oppau, Ujerumani, 21 Septemba 1921. Kiwanda kilikuwa na mlima wa mchanganyiko wa nitrati na salfeti ya amonia, tani 4,500, umegandamana. Wafanyakazi walizoea kuuvunja kwa baruti, na inakadiriwa walifanya hivyo mara 20,000 bila shida yoyote. Siku ile ikalipuka, watu 561 wakafa. Inakadiriwa kilicholipuka ni asilimia kumi tu ya mlima. Kwenye nitrati, "tumefanya hivi miaka yote" si ushahidi wa usalama.

Texas City, 16 Aprili 1947: meli Grandcamp ina tani kama 2,300 za nitrati, moto ukaanza asubuhi ndani ya ngama, yaani chumba cha shehena. Badala ya maji mengi, wakafunga milango ya ngama na kupuliza mvuke ili kuuzima moto bila kuharibu mzigo. Lakini nitrati haitegemei hewa ya nje, ina oksijeni yake. Mvuke ukaongeza joto, kufunga kukaongeza shinikizo. Moshi wa rangi ya chungwa ukawavuta watu kuja kutazama. Saa moja na zaidi kidogo tangu moto uonekane, meli ikalipuka. Waliokufa si chini ya 581, wakiwemo wazimamoto 27 kati ya 28 wa kikosi cha kujitolea cha mji. Ukiweka Texas City na Beirut pamoja hutaona haja ya kombora: moto, moshi wa rangi, watazamaji, kisha pigo.

---

Chombezo_K

Nimekuelewa Mwamba, na asante Bi Mwanahamisi. Swali la kando: meli iliyoipeleka nitrati ile Beirut ilikuwa inakuja kwetu huku Afrika?

---

Gati_Namba_Saba

Ndiyo. Rhosus, bendera ya Moldova, iliondoka Batumi, Georgia, Septemba 2013 na tani 2,750 kwenda Beira, Msumbiji. Mteja alikuwa kiwanda cha baruti za migodini cha huko. Iliingia Beirut Novemba 2013 kuongeza shehena ya mitambo mizito ili kupata nauli ya kuendelea na safari. Sitaha haikuhimili. Wakaguzi wakaiona haifai kusafiri, madeni yakaizuia, mwenye chombo akaitelekeza. Nahodha na baadhi ya mabaharia walikwama ndani hadi 2014. Oktoba 2014 mzigo ukashushwa bohari 12. Meli yenyewe ikazama palepale bandarini Februari 2018.

Niwaambie kinachoniuma kama mtu wa bandari. Mzigo huu ni daraja la 5.1 la shehena hatari, kioksidishaji, yaani kitu kinachoupa moto oksijeni. Tamko la shehena hatari linafika kabla ya chombo, na kila bandari ina utaratibu wa kuutenga: ghala peke yake, mirundo midogo iliyoachana na ukuta, sakafu safi isiyo na mafuta wala mfereji unaoweza kunasa nitrati iliyoyeyuka, hakuna kuweka matairi au mafuta humo, hakuna kazi ya moto bila kibali na mlinzi mwenye mpira wa maji. Forodha ya Lebanon iliandika barua mara kadhaa kati ya 2014 na 2017 kuomba mahakama iruhusu mzigo uondolewe au uuzwe. Barua zilikuwepo. Hakuna aliyeinua kiroba kimoja. Tarehe 20 Julai 2020, wiki mbili kabla, rais na waziri mkuu walishaandikiwa na idara ya usalama.

Na siku ya tukio kulikuwa na mafundi wakichomelea mlango wa bohari, kazi iliyoamriwa ili kuzuia wizi. Maofisa wa usalama ndio waliotaja cheche za kuchomelea kuwa chanzo cha moto. Inawezekana kabisa. Ila mafundi waliondoka kabla moto haujaonekana, na hapo ndipo wanaodai hujuma wanaposhika.

---

Mwamba_Mgumu

Hilo la muda haliwaokoi. Cheche ya kuchomelea ikidondoka kwenye gunia, sponji au vumbi hufukuta kimyakimya hata saa nzima kabla ya kutoa mwali. Ndiyo maana kibali cha kazi ya moto kinadai mtu abaki analinda eneo baada ya fundi kuzima mashine, angalau dakika 30, na sehemu nyingine saa moja. Mafundi kuondoka mapema hakuondoi cheche kwenye orodha. Wala hakuithibitishi.

---

Bi_Mwanahamisi

Kwa wakulima wanaosoma humu wakiwa na mifuko ya mbolea ya CAN (yenye amonia nitrati) stoo: msiingiwe na hofu ya bure. CAN ya kukuzia mahindi ina nitrojeni kama asilimia 26 au 27, kwa sababu imechanganywa na chokaa. Chokaa ile inazima tabia ya kulipuka kwa kiwango kikubwa. Bado iwekeni mbali na dizeli, petroli, majani makavu na jiko, juu ya mbao zisizo na mafuta, na mfuko ukichanika zoeni msichanganye na takataka. Urea haina nitrati kabisa, ni kitu kingine.

---

Daftari_la_Hesabu

Wakuu, kuna jambo mmelipita juujuu. Ripoti ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ya Oktoba 2020 ilikadiria kilicholipuka ni tani kama 552 tu kati ya 2,754. Tani 2,200 ziko wapi? Hapa ndipo dhana ya wizi inapata mguu: kwamba mzigo ulikuwa unachotwa kidogokidogo kwa miaka, na moto ulikuwa wa kufuta nyayo. Hii si ya kubeza.

---

Kipimio

Si ya kubeza hata kidogo, ndugu Daftari. Ila tuihesabu.

Nguvu ya amonia nitrati ikilinganishwa na TNT kwa uzito ni kama 0.3 hadi 0.4, kutegemea hali yake. Tani 552 mara 0.4 ni tani 220 za TNT. Sheffield, waliopima muda wa wimbi kufika kwenye video mbalimbali, walipata tani 500 kama kadirio bora. Ukirudi nyuma kutoka tani 500, unahitaji nitrati tani 1,250 hivi zilizolipuka. Kutoka tani 1,100 unapata 2,750, yaani karibu mzigo wote. Kwa hiyo vipimo vya wimbi na ripoti ya FBI havikai meza moja, na anayejenga hoja ya wizi juu ya 552 peke yake amechagua namba ndogo kuliko zote.

Pili, kulipuka nusu ni jambo la kawaida kwa nitrati. Oppau ilikuwa asilimia kumi. Nyingine inatawanywa na pigo lenyewe, nyingine inaungua, nyingine inaangukia maji na kuyeyuka humo. Lile wingu jekundu ni ushahidi wa mlipuko usiokamilika. Wizi unawezekana, mlango ule ulikuwa unakarabatiwa kwa sababu watu waliweza kuingia. Lakini upungufu wa tani kwenye hesabu ya mlipuko hauwezi kuuthibitisha. Kinachoweza kuuthibitisha ni daftari la bohari na viroba kuhesabiwa, na sijaona hesabu ya viroba ya baada ya 2015.

---

Daftari_la_Hesabu

Nimekubali hoja ya kipimo. Kwenye daftari la bohari nabaki na shaka yangu.

---

Gati_Namba_Saba

Na shaka yako ni halali, kwa sababu aliyepaswa kulifungua daftari hilo hakuachwa afanye kazi. Jaji wa kwanza, Fadi Sawan, aliondolewa Februari 2021 baada ya kuwashtaki mawaziri. Tarek Bitar aliyemfuata alirundikiwa mashauri ya kumpinga hadi uchunguzi ukasimama Desemba 2021, akaufufua Januari 2023, ukazuiwa tena hadi alipourejea mapema 2025. Uchunguzi ukifungwa, uvumi hauna mpinzani.

---

Chombezo_K

La mwisho kwa Bi Mwanahamisi. Wale watu kumi wa kikosi cha zimamoto cha Beirut walifika mlangoni. Wangefanya nini tofauti?

---

Bi_Mwanahamisi

Wangeambiwa kilichomo. Hilo ndilo la kwanza, na si kosa lao. Walipelekwa kwenye moto wa bohari bila kutajiwa nitrati.

Kama moto umegusa pembeni tu na nitrati haijapata joto: maji, mengi, kwa haraka, fungua milango na paa hewa itoke. Usifunike, usitumie povu wala poda ukitegemea kunyima hewa, maana haiihitaji. Zuia nitrati iliyoyeyuka isiingie kwenye mifereji. Kama rundo lenyewe linawaka, moshi wa kahawia au wa chungwa unatoka, na kuna fataki au mafuta ndani: hakuna kuzima. Unaondoa watu wako na kila aliye kilomita moja au zaidi, unawaambia walio mbali wakae mbali na vioo. Beirut walioumizwa na vioo ni wengi mno, kwa sababu walisimama madirishani wakirekodi moto. Kati ya moshi kuonekana na pigo kulikuwa na dakika zaidi ya kumi. Zinatosha king'ora kulia na watu kulala chini nyuma ya ukuta, kama kuna mtu kwenye chumba cha simu ameshika karatasi ya kilichomo bohari namba 12.